Chale kwenye mwili wa 3D: mwongozo kutoka Nyakato

Mteja akiniandikia kwamba anataka "shujaa wa Kiafrika mwenye chale usoni", namuuliza kwanza: wa wapi? Nisipopata jibu sifungui hata programu. Mistari sita inayokata paji la uso kutoka upande mmoja hadi mwingine ni ya Wanuer wa Sudan Kusini na Ethiopia, na kijana huchanjwa anapoingia utu uzima. Ukimwekea mvuvi wa Ukerewe mistari hiyo kwa sababu tu imependeza, umemsingizia mtu, na mtazamaji anayejua ataliona papo hapo. Sehemu kubwa ya kazi hii hufanyika kabla ya kushika kalamu, na ndiyo sehemu ambayo wengi wetu tunaotengeneza miili ya kompyuta tunairuka.

Mimi natengeneza karakta za 3D hapa Nyakato, Mwanza: za katuni, za michezo ya simu, mara nyingine za video za elimu ya afya. Natumia Blender, programu ya kutengeneza 3D, kwa sababu ni ya bure, na miili yangu mingi huanzia MakeHuman, programu ya kutoa miili ya watu, ambayo nayo ni ya bure na mwili unaoutoa humo unaruhusiwa kuutumia hata kwa biashara. Ukiwa na programu nyingine majina ya vitufe yatabadilika, lakini kazi ni ileile.

Anza na mtu

Huku kanda ya ziwa chale nyingi utakazokutana nazo ni za tiba. Ni vijistari vifupi kama punje za mchele, vyeusi, viwili viwili au vitatu vitatu, kwenye viwiko, vifundo vya miguu, kifuani na kwenye kipaji. Malaria imekaa nasi tangu enzi za mababu, na malaria ya kurudiarudia huvimbisha bandama. Ndiyo maana watu wengi wa umri mkubwa wana safu za chale chini ya mbavu za kushoto, pale bandama ilipo. Ukimtengeneza mzee wa ufukweni aliyevua shati, hizo ndizo chale za kumpa. Ukiziweka upande wa kulia, muuguzi yeyote na bibi yeyote atajua umebuni.

Bayeye, wale wacheza ngoma wa Kisukuma wanaocheza na nyoka, huchanjwa dawa ya nyoka. Ukipewa kazi ya kumtengeneza mmoja wao, panda gari uende Bujora, pale Kisesa kwenye Makumbusho ya Wasukuma, na ukiweza nenda mwezi Juni wakati wa Bulabo. Hakuna picha ya mtandaoni itakayokuonyesha bega la mtu linavyobadilika akiwa amebeba chatu.

Chale za urembo na za utambulisho ni habari nyingine. Wanawake wa Kidatoga, ambao sisi huku tumezoea kuwaita Wataturu, huwa na chale za duara zinazozunguka macho. Wamakonde wa kusini walichanja nembo: zikizaki, pembe na mistari sambamba usoni, kifuani na tumboni, kisha jeraha likasuguliwa masizi. Wamasai huchoma duara dogo shavuni. Na si kila alama ya mwili ni chale. Waluo wa zamani waling'oa meno sita ya mbele ya chini, kwa hiyo ukiombwa mzee wa Kiluo wa Shirati wa miaka ya 1950, kazi yako iko mdomoni. Mwache ngozi yake kama ilivyo.

Angalia pia mwaka wa hadithi. Chale za urembo zimepungua sana. Shule, dini na maisha ya mijini vilichangia, halafu kampeni za UKIMWI zikatufundisha sote kuogopa wembe mmoja kupita kwa watu wengi. Binti wa miaka ishirini anayeuza vocha Buhongwa leo hii akiwa na nembo za uso mzima hanishawishi. Mpe bibi yake.

Tazama kovu halisi

Pale Mwaloni Kirumba kuna mzee anayeshona nyavu, kifua wazi kila joto linapopanda. Nilimwamkia, "Shikamoo babu," akaitika, "Marahaba mjukuu wangu," nikamweleza kazi yangu na nikamwomba nimtazame chale za bandama. Akacheka, akasema, "Tazama, ila usinipige picha." Sikumpiga. Nilikuwa na daftari na tochi ya simu, na vilitosha.

Tochi nikiielekeza kwake moja kwa moja kutoka mbele, chale zilikuwa karibu hazionekani, vivuli tu vya rangi. Nikaishusha pembeni, karibu na nyonga, kila moja ikasimama. Zilikuwa nene upande wa juu na zimechongoka kwa chini, maana aliyechanja alivuta wembe kushuka, na wembe hushika zaidi unapoanza kuliko unapotoka. Mbili zilikuwa zimeungana. Safu ya chini ilikuwa pana kuliko ya juu kwa sababu alichanjwa akiwa mtoto na tumbo likaendelea kukua. Nywele za tumbo zilipita katikati ya safu lakini hazikuota juu ya kovu hata moja. Juu ya kila kovu ngozi ilikuwa laini, haina vitundu, inang'aa kidogo kuliko jirani yake. Na ngozi ya katikati ilivutwa ikakunjamana kuelekea kwenye kovu.

Yote nitakayoeleza hapa chini ni namna ya kuyaingiza hayo kwenye kompyuta. Wewe mtafute mtu wako, umwombe kwa heshima, na akikataa mshukuru uende zako.

Ukishatazama, jiulize kovu limepatikana vipi, kwa sababu umbo lake linatokana na hilo. Mkato mmoja mwembamba hupona ukaacha mstari bapa au uliozama kidogo. Mkato uliosuguliwa masizi au majivu hubaki na rangi nzito na mara nyingi huinuka. Ngozi iliyoinuliwa kwa mwiba au ndoano kisha ikakatwa juu huacha kinundu cha mviringo, kama zile safu za nukta unazoziona kwa jamii nyingi za Sudan Kusini. Kuungua huacha duara lenye katikati laini na ukingo ulioinuka. Ngozi nyeusi huvimba kovu kwa urahisi zaidi, na mwili haufanani kote: kifua, mabega na mgongo wa juu huvimba sana, kope hazivimbi. Kwa hiyo mchoro mmoja ukipita kutoka begani hadi tumboni, usiupe urefu mmoja.

Wachongaji wa Kimakonde walilielewa hili muda mrefu kabla ya kompyuta. Kwenye lipiko, kile kinyago cha kuvaa kichwani kwenye ngoma, nembo za uso mara nyingi zimebandikwa kwa nta ya nyuki, zikainuka juu ya mti. Mchongaji alikuwa na rangi nyeusi, na kuchora mstari kungemchukua dakika chache. Alichagua nta kwa sababu nembo inatakiwa kushika mwanga na kutupa kivuli. Nami namfuata yeye: sichori chale kama rangi, naziinua kwanza, rangi inafuata.

Kuandaa mwili

Kwanza kabisa pima urefu wa karakta. Kwenye Blender mtu mzima awe na takriban mita 1.7. Baadhi ya programu hutoa mwili ambapo kipimo kimoja ni sentimita, na ukiingizwa bila kubadilishwa unakuwa jitu la mita 170. Hapo ukiandika mwinuko wa milimita mbili hautaona kitu, utaanza kulaumu tekscha yako, yaani picha inayofunika ngozi ya karakta. Rekebisha kipimo, kisha kithibitishe kwa amri ya kutumia skeli (Apply Scale), ndipo uendelee.

Pili, hesabu pikseli. Ikiwa ngozi ya mwili mzima imekunjuliwa kwenye tekscha moja ya pikseli 4096 kwa 4096, mara nyingi unabaki na takriban pikseli mbili na kidogo kwa kila milimita ya ngozi. Kinundu cha milimita tatu kinapata pikseli sita au saba tu kwa upana, na mviringo wake hautatulia. Uso ukiwa na tekscha yake peke yake unapata pikseli sita au saba kwa milimita, au zaidi, na hapo kazi inawezekana. Kama chale ziko sehemu moja, mfano kifuani, ni afadhali kutenga kifua kwenye ramani yake ya UV (ngozi iliyokunjuliwa ikalala bapa kama kitambaa) kuliko kupandisha tekscha ya mwili wote hadi laptopu ikaanza kulia feni.

Tatu, poligoni, yaani vipande vidogo bapa vinavyounda mwili. Chukua mwili wenye poligoni 16,000. Ukigawanya mara mbili unapata 256,000. Zinasikika nyingi, lakini ngozi ya mtu mzima ina eneo la karibu mita mraba 1.8, kwa hiyo kila poligoni inafunika takriban milimita 2.6 kwa 2.6. Kinundu cha milimita nne hakiwezi kupata umbo humo. Gawanya mara ya tatu, zinapita milioni moja, upande wa kila moja unashuka hadi milimita 1.3, na sasa vinundu vinaanza kuonekana mviringo. Laptopu ya RAM ya GB 8 itahangaika. Mimi huinua uso wa ngozi kweli mahali kamera itakapokaribia au mahali chale ziko kwenye ukingo wa mwili, kama begani. Kwingine natumia bampu. Bampu hudanganya mwanga tu, haibadilishi ukingo. Mtu akisimama pembeni mwa dirisha na bega lenye vinundu likatoka laini kama chupa, mtazamaji atahisi kuna kitu hakijakaa sawa hata kama hawezi kusema ni nini.

Kuchora mwinuko

Usichore kwenye ramani ya UV iliyolala bapa. Ngozi ya bega na ya shavu huvutika ikikunjuliwa, na duara lako zuri litageuka yai likirudi mwilini. Paka tekscha ya mirabaraba mwilini kwanza uone wapi miraba inapinda, halafu chora moja kwa moja juu ya mwili wenyewe.

Fungua picha mpya yenye rangi ya kijivu tu, bila rangi nyingine na bila uwazi, ya biti 16 kwenda juu. Picha ya biti 8 ina ngazi 256 tu za kijivu na mteremko wa kovu utatoka na ngazi ngazi kama matuta; biti 16 ina ngazi 65,536. Hifadhi kwa kijivu pekee: tekscha ya 4096 inachukua takriban MB 33 kwenye kumbukumbu, wakati ileile yenye rangi zote na uwazi inafika MB 134. Kwa mashine zetu tofauti hiyo inahisiwa. Baadhi ya zana za kupaka za Blender zinasumbua kwenye biti nyingi; ikitokea hivyo nachora mistari ya mwongozo humo, kisha naimalizia Krita, programu ya bure ya kuchora.

Kama chale zote zinainuka, anza na nyeusi tupu na weka kiwango cha kati (Midlevel), yaani kijivu kisichopandisha wala kushusha ngozi, kuwa 0. Kama kuna za kuinuka na za kuzama, anza na kijivu cha nusu na kiwango cha kati kiwe 0.5, cheupe kitapanda, cheusi kitashuka. Kwenye mipangilio ya picha chagua "Non-Color", maana hii si rangi, ni vipimo, na ukiiacha Blender iisome kama rangi vimo vyote vitapotoka. Kwenye mipangilio ya materia chagua "Displacement and Bump", la sivyo utapata bampu tu huku ukidhani ngozi imeinuka. Kwa kifua naanza na milimita mbili, yaani kipimo cha mwinuko (Scale) cha 0.002 ukianzia nyeusi, au 0.004 ukianzia kijivu cha nusu. Usoni naanza na milimita moja. Kope naziacha karibu bapa.

Sasa mkono. Weka leya mbili kwa uchache: moja ya mistari ya mwongozo, nyingine ya kovu lenyewe. Mistari ya mwongozo iwe na mpangilio mzuri, hata kwa kioo cha kushoto na kulia, ile zana inayonakili mchoro upande wa pili. Kisha zima kioo, na uchore kila kovu kwa mkono wako juu ya mwongozo huo. Aliyechanja hakuwa na kioo. Alikaa mbele ya mtu, akamaliza shavu moja, akahamia la pili akiwa na pembe nyingine ya mkono, na anayechanjwa alishtuka mahali. Tofauti ndogo za upana, za mwelekeo na za nafasi ndizo zinazouambia mwili kwamba kuna watu wawili walikuwepo. Anza kila mstari mnene na uumalizie ukichongoka. Kata upande ambao mkono ungevuta, na usibadilishe mwelekeo katikati ya safu bila sababu.

Kovu likatwe katikati, lionekane vipi? Ni kilima chenye kilele cha mviringo na miteremko inayolala taratibu hadi kwenye ngozi. Wengi huacha ukingo mkali, na matokeo yake ni kipande cha mpira kilichogundishwa juu ya ngozi. Paka kwa brashi laini, ongeza kilele, halafu pita na ukungu mdogo. Mwisho chukua brashi nyembamba sana na nguvu ndogo, uvute mikunjo hafifu kutoka kwenye ngozi ya jirani kuelekea kwenye kovu. Hii hatua ni ndogo na inachosha, hasa kwenye safu ndefu za nukta. Usiiruke, bila hiyo kovu linakaa juu ya mwili badala ya kuwa la mwili.

Kama karakta alichanjwa utotoni na sasa ni mzee, chora chale zikiwa na nafasi za mtoto, kisha zivute kwa zana ya kusogeza kufuata mahali alikokua: tumbo na mapaja hutanuka, paji la uso si sana.

Rangi, mng'ao na vinyweleo

Picha ya mwinuko ukishaipata, ndiyo maski ya kila kitu kingine, yaani picha inayoonyesha wapi badiliko lishike na wapi lisishike. Sihitaji kuchora upya. Naiongezea ukali kidogo ili iwe wazi wapi ni kovu na wapi si kovu, na naitumia mara tatu.

Kwanza, kufuta vitundu vya ngozi. Kovu halina. Zidisha ramani ya vitundu kwa kinyume cha maski na uso wa kovu utatulia. Pili, mng'ao: kama ngozi ina ukwaru (Roughness) wa 0.5, kwenye kovu nashusha hadi 0.35 hivi, si zaidi, maana ikipita hapo kovu linaonekana limelowa. Tatu, nywele na malaika, yaani vinyweleo laini vya mwili: itumie maski hiyohiyo kuzuia visiote juu ya kovu. Nyusi zikikatwa na chale, ziache na pengo.

Rangi usiikisie. Kovu la kuvimba kwenye ngozi nyeusi laweza kuwa jeusi zaidi, laweza kuwa na wekundu likiwa bado changa, laweza kukaribiana kabisa na ngozi yake. Lililosuguliwa masizi lina wino ndani, kwa hiyo rangi iwe baridi na yenye ukungu kidogo pembeni, isiwe nyeusi ya kalamu. Mimi huanza na tofauti ndogo sana ya rangi na kuangalia kama umbo linatosha kubeba kazi. Mara nyingi linatosha.

Mwanga

Zima taa za mbele. Weka taa moja tu, chini na pembeni, kama jua la saa kumi na moja jioni linapolala upande wa ziwa na kila jiwe la Bismarck Rock linapata kivuli. Hapo utaona papo hapo kovu lililo juu mno, safu iliyopinda na ukingo uliobaki mkali. Ukimaliza kurekebisha ndipo urudishe mwanga wa hadithi. Zungusha kichwa cha karakta, mfanye atabasamu, mwinulie mkono: chale zikikatika kwenye mshono wa UV au zikivunjika begani, ni sasa utaziona.

Renda, yaani toa picha iliyokamilika, mara tatu: kamera usoni, kamera ya nusu mwili, kamera ya mbali. Kwa mbali vinundu vyote hupotea na mchoro wa jumla ndio hubaki, kwa hiyo mchoro wenyewe lazima uwe sahihi. Kama ni video, toa kila fremu kama picha yake, usitoe faili moja la video. Umeme ukikatika katikati ya usiku, utaendelea ulipoishia.

Faili zako zipe majina yanayosema ukweli. Langu la mwisho linaandikwa hivi: datoga_jicho_kushoto_mwinuko.png, na kando yake naweka faili fupi la maandishi lenye kabila, jinsia, umri wa karakta, miaka ya hadithi na nilitazama nini kupata mchoro huo. Navituma vyote viwili kwa mteja pamoja na mwili. Anayefuata kulifungua folda hilo, awe Dar au Seoul, anajua chale zile ni za nani kabla hajazihamishia kwenye mwili mwingine. Jina kama "chale_03" silikubali kwenye kompyuta yangu.